Kukata Kisichouma

Daktari alimuuliza swali ambalo huulizwa kila mgonjwa: kuna mtu mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuugua saratani? Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka 36, na uvimbe kwenye titi lake la kushoto ulishafika ukubwa wa limau. Akajibu, "Hakuna."

Hakudanganya. Mama yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, alifariki na miaka 44, na watoto waliambiwa kwamba mama aliumwa kifua. Mama mkubwa alifariki na miaka 51. Yeye aliumwa tumbo, likajaa maji, akazungushwa kwa waganga mpaka Pangani kabla ya kurudishwa nyumbani. Dada wa babu alikufa kabla wengi wetu hatujazaliwa, kwa jipu la ziwa. Ukoo ulikuwa umepukutika kwa kifua, tumbo na jipu, lakini saratani, kwa tulivyojua sisi, haikuwahi kutia mguu nyumbani kwetu.

Sura hii inahusu upasuaji wa ajabu kidogo: kuondoa kiungo kizima, kisichouma, kwa sababu ya kile kinachoweza kukipata miaka ijayo. Nimeanza na lile "hakuna" kwa makusudi. Tumezoea kudhani uamuzi huu hufanyika hospitalini, kati ya mgonjwa na daktari wake. Kwa niliyoyaona, sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika miaka mingi kabla, siku watu wazima wanapokaa na kuchagua jina la kuupa ugonjwa wa marehemu.

Mti nyuma ya kalenda

Majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe yalipotoka, daktari hakuridhika. Saratani ya titi kabla ya miaka 40, tena ya ile aina isiyoitikia dawa za homoni, humfanya daktari makini aulize habari za shina. Akampa mdogo wetu kazi ya nyumbani: niletee mti wa familia, vizazi vitatu, upande wa mama na upande wa baba.

Tulikaa sebuleni kwa Mama, Tanga, Jumapili moja baada ya adhuhuri. Karatasi kubwa hatukuwa nayo, nikaing'oa kalenda ya mwaka uliopita ukutani na kuigeuza. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: mwanamke duara, mwanamume mraba, aliyefariki anapigwa mstari wa kukatiza, aliyeugua saratani anatiwa wino, na pembeni unaandika umri alioanza kuugua. Nilidhani tutamaliza kabla ya chai. Tulimaliza baada ya isha.

Kiswahili hapo kinasaidia na kinaponza. Kinasaidia kwa sababu ukisema shangazi umeshataja upande wa baba, na ukisema mama mkubwa umeshataja upande wa mama pamoja na nani alitangulia kuzaliwa. Kinaponza kwa sababu mama mdogo anaweza kuwa mdogo wake mama au mke mdogo wa baba, bibi anaweza kuwa yeyote mwenye mvi, na ndugu ni neno linalotosha kijiji kizima. Mti wa daktari haujui heshima. Kwa kila jina ilibidi Mama aulizwe: tumbo la nani, na baba ni nani? Yako maswali mawili aliyoyajibu akiangalia dirishani.

Kisha tukaja kwenye maradhi.

"Mama, mama mkubwa aliumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

"Si nimekwambia, lilijaa maji."

"Kabla ya maji?"

Akanyamaza kidogo. "Alikuwa anashiba upesi. Vijiko viwili, anaisukuma sahani. Tukasema ana mimba, tukasema ni gesi."

Nikaandika. Kushiba upesi, tumbo kujaa, kwenda haja ndogo kila mara: hizo ni dalili za saratani ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi vilivyojificha ndani ya nyonga. Kwa sababu dalili zenyewe ni za tumbo la kila siku, ugonjwa huitwa gesi, vidonda, ini au mkono wa mtu, mpaka maji yajae na muda uwe umeshapita. Habari za dada wa babu Mama alizipokea kwa mama yake: jipu lilipasuka, halikupona, likatoa harufu, mwenyewe akahamishiwa chumba cha uani. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio kitamfichua. Kwetu kilio kilipita mara tatu na maradhi yakabaki yamefichwa.

Usiku ule tulikuwa na maduara manne yenye wino, yote ya ukoo mmoja, na katikati yao mraba mmoja mweupe: babu, aliyefariki na miaka 81 kwa uzee, bila kuugua chochote cha kutaja. Dada yake alikuwa na wino. Binti zake wawili walikuwa na wino. Mama aliikazia macho ile karatasi. "Kumbe baba?" akasema.

Ndiyo, baba. Wengi wetu tunaamini maradhi ya titi hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Lakini kasoro hii mwanamume huirithi na kuirithisha sawasawa na mwanamke, na mara nyingi yeye mwenyewe hapati lolote. Anayemwambia daktari "upande wa baba hauhusiki" anafuta nusu ya mti.

Fundi mmoja badala ya wawili

Kwamba saratani inaweza kufuata damu si habari mpya. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Paul Broca, alichapisha orodha ya wanawake wa ukoo wa mke wake waliokufa kwa saratani ya titi, kizazi baada ya kizazi. Alikuwa na mti, hakuwa na maelezo. Maelezo yalisubiri hadi 1990, pale Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, alipoonyesha kwamba katika familia za namna hiyo kuna jeni katika kromosomu ya 17 inayohusika. Wataalamu wengi walikuwa wameliona wazo hilo kuwa ndoto. Jeni yenyewe, BRCA1, ilitengwa 1994, na mwenzake BRCA2 akafuata 1995.

Kazi ya jeni hizi ni ufundi. Chembe za mwili hugawanyika kila siku, na kila zinapogawanyika nakala ya vinasaba hupata michubuko. BRCA1 na BRCA2 ni miongoni mwa mafundi wa kuirekebisha. Kila mmoja wetu amezaliwa na nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, yaani mafundi wawili wa zamu. Aliyerithi kasoro amezaliwa na fundi mmoja tu. Anaweza kuishi hivyo miaka 80 bila tatizo. Lakini ikitokea chembe moja ya titi au ya mrija wa uzazi ikampoteza na fundi huyo aliyebaki, michubuko hujilimbikiza bila wa kuiziba. Kila mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi ya nusu kwa nusu, sarafu hewani, na inarushwa upya kwa kila mtoto.

Tahadhari hapa. Saratani nyingi si za kurithi. Ya titi ambayo ni ya kurithi moja kwa moja hukadiriwa kuwa 5 hadi 10 kwa kila wagonjwa 100. Ya shingo ya kizazi, inayoua wanawake wengi kwetu, husababishwa na virusi. Dawa yake ni chanjo na uchunguzi wa mara kwa mara, na mti wa familia hausaidii sana. Kinachomshtua daktari ni mpangilio: titi kabla ya miaka 50, matiti yote mawili kwa mtu mmoja, titi na ovari katika damu moja, au mwanamume mwenye saratani ya titi.

Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2018 timu iliyowahusisha Olufunmilayo Olopade, daktari mzaliwa wa Nigeria anayefundisha Chicago, na Mary-Claire King huyo huyo, ilichapisha matokeo ya vipimo vya wanawake zaidi ya 1,100 wa Nigeria wenye saratani ya titi. Takriban mmoja kati ya wanane alikuwa amerithi kasoro katika BRCA1, BRCA2 au mojawapo ya jeni nyingine mbili za aina hiyo.

Anayepimwa kwanza ni aliyeugua, kwa sababu kwake ndiko kasoro inakotafutwa. Ikipatikana, ndugu wengine hupimwa kitu hicho hicho kimoja. Damu ya mdogo wetu wa mwisho ilisafirishwa nje ya nchi, na majibu yakarudi: BRCA1. Mama alipima, hana. Kwa maana hiyo na mimi sina. Mlango huo kwangu umefungwa, hatari yangu ni ya mwanamke yeyote wa kawaida. Niseme ukweli, nilifurahi na nikaona aibu kwa kufurahi. Dada yake aliyemtangulia, miaka 39, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, alipima pia. Anayo.

Hana uvimbe. Haumwi popote. Ana kasoro tu, na karatasi inayosema hivyo.

Mia kwenye ukumbi

Karatasi ile ilikuja na asilimia, na asilimia ni lugha ngumu kwa mtu anayetetemeka. Mimi nilimwekea hivi: chukua ukumbi wa kitchen party wenye wanawake 100, wote wana kasoro ya BRCA1 kama wewe, na hakuna aliyefanyiwa upasuaji wowote. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, uliowafuatilia wanawake karibu 10,000, unasema kwamba wakifika miaka 80, takriban 72 kati yao watakuwa wameugua saratani ya titi na 44 watakuwa wameugua ya ovari. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Kumbuka kwamba wengi wa waliofuatiliwa hawakuwa Waafrika, kwa hiyo kwetu namba hizi ni dira, si kipimo cha mizani.

Alisikia 72, hakusikia kingine. Ilibidi nirudi nyuma. Hao 72 hawaugui siku moja. Wakiwa na miaka 40, walioshaugua titi ni karibu robo ya ukumbi. Wa ovari kabla ya miaka 40 ni wachache mno. Wao huanza kuongezeka baadaye. Maana yake namba yako leo si namba yako ya miaka kumi ijayo, na ya kiungo kimoja si ya kingine.

Yako maradhi ambayo namba zake hazibishaniwi. Kuna kasoro ya kurithi inayootesha vinyama kwa mamia ndani ya utumbo mpana, na mwenye nayo asipoondolewa utumbo huo ana uhakika wa karibu asilimia 100 wa kupata saratani, mara nyingi kabla ya uzee. Vijana wa familia hizo hukatwa utumbo wakiwa bado shuleni au chuoni. Huko uamuzi hujiamua. Kwenye BRCA1 hakuna raha hiyo. Namba ni kubwa kiasi cha kunyima usingizi, na ndogo kiasi cha kuacha mtu ajiulize kama naye hatakuwa mmoja wa wale 28.

Viungo viwili, kalenda mbili

Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie aliandika katika gazeti la New York Times kwamba ameondolewa matiti yote mawili bila ya kuugua. Alikuwa na BRCA1, na mama yake alifariki 2007 na miaka 56. Dunia ilibishana juu ya matiti. Wachache walifuatilia alichoandika miaka miwili baadaye, 2015, alipoondolewa ovari na mirija yake akiwa na miaka 39. Alieleza kwamba madaktari hushauri upasuaji huo ufanyike kama miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu wa karibu alianza kuugua. Mama yake aligundulika na saratani ya ovari akiwa na miaka 49. Hesabu hiyo ya kutoa ndiyo kiini cha sura hii. Wengi huja na swali la "nikate au nisikate?" Waliolifikiria kwa kina huishia kwenye swali jingine: kipi kwanza, na lini?

Sababu ni kwamba titi linaweza kulindwa kwa macho na ovari haliwezi. Titi liko nje. Kuna mamografia, kuna MRI, na kwa mwenye kasoro uchunguzi wa MRI wa kila mwaka hushauriwa kuanzia miaka 25. Ovari limejificha. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa altrasaundi na kipimo cha damu, na 2021 wakatangaza kwamba uchunguzi huo haukupunguza vifo. Ndiyo maana kwa ovari madaktari hawazungukizunguki: kwa BRCA1 yaondolewe kati ya miaka 35 na 40 ukishamaliza kuzaa, kwa BRCA2 unaweza kusogea hadi 40 au 45. Mirija hutolewa pamoja nayo, maana sehemu kubwa ya saratani tunazoziita za ovari kumbe huanzia kwenye ncha ya mrija.

Kwa titi, njia ni mbili na zote ni halali. Kuondoa matiti yote mawili hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 90 au zaidi; haiifuti, kwa sababu chembe kadhaa hubaki chini ya ngozi. Kufuatilia hakuzuii ugonjwa. Kunakusudia kuunasa ukiwa mdogo.

Lakini neno "kufuatilia" lina uzito tofauti kulingana na unapolisemea. Mwanamke wa London akiambiwa utafuatiliwa, hupokea barua yenye tarehe. Kwetu mashine za MRI ziko kwenye hospitali chache za miji mikubwa, na anayekaa Sumbawanga au Kigoma anapoambiwa "kila mwaka" anahesabu nauli, siku za kulala kwa ndugu, bima itakataa au itakubali, na mashine itakuwa nzima au mbovu siku hiyo. Ufuatiliaji unaorukwa miaka miwili si ufuatiliaji, ni matumaini. Saratani za BRCA1 mara nyingi hukua haraka, na hazimsubiri mtu atafute nauli. Kwa hiyo mtu wa pembeni anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua kisu pale ambapo mwenzake wa mjini angechagua mashine, na asionekane mwoga kwa hilo.

Kisu kinachukua nini

Mimi na dada tulikwenda pamoja kwa daktari bingwa wa magonjwa ya kina mama. Nilimpenda kwa kitu kimoja: alianza na hasara. Ukiondolewa ovari, alisema, hedhi inakatika siku hiyo hiyo. Wanawake wengine hufika huko taratibu, kwa miaka. Wewe utafika huko ukiwa bado kitandani wodini. Kutakuwa na joto la ghafla, usingizi wa kukatikakatika, ukavu ukeni, hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka, na baadaye mifupa na moyo vinahitaji kuangaliwa. Kwa ambaye hajawahi kuugua titi, homoni za kurudishia zinaweza kutumika hadi karibu na umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Operesheni yenyewe hufanyika kwa matundu madogo, chini ya nusu kaputi, na wengi hutoka hospitali siku moja au mbili baadaye.

Kisha akasema jambo ambalo kila anayekwenda huko alishike: vilivyotolewa visitupwe. Vinapaswa kwenda kwa mtaalamu wa patholojia, avikate vipande vyembamba, hasa ncha za mirija, na kuvipitia kwenye hadubini. Mara chache, lakini si mara chache za kupuuza, hukutwa saratani changa ambayo hakuna aliyeijua.

Kwa matiti mizani ni nyingine. Ni saa kadhaa mezani, mirija ya kutoa maji kwa siku kadhaa, ganzi ya kudumu kifuani, na kwa ambaye bado anazaa, kunyonyesha basi. Kuyajenga upya kunawezekana, kwa vifuko vya silikoni au kwa nyama ya mwilini mwenyewe, kwa gharama, na mara nyingi kwa operesheni zaidi ya moja.

Pia yapo majibu ambayo hayapaswi kumpeleka mtu mezani hata kidogo. Wakati mwingine maabara huandika kwamba imeona badiliko ambalo maana yake haijulikani. Kwa Waafrika majibu hayo ni mengi zaidi, kwa sababu hazina za kulinganishia zimejaa vinasaba vya watu wa Ulaya. Badiliko lisilojulikana si kasoro. Mengi huja kugundulika baadaye kuwa hayana madhara, na kiungo kilichokatwa hakirudi.

Maneno ya watu

Mama mkwe wa dada alisema kazi ya Mungu haina makosa. Kiungo kizima hakikatwi. Jirani alisema wenye jicho wamemwona anajenga. Mume wake hakusema lolote kwa siku tatu, kisha akauliza, "Wewe utakuwepo?" Alipojibiwa kwamba ndiyo sababu yenyewe, akasema basi.

Yeye mwenyewe kilichomkaa moyoni ni la mama mkwe, akaenda kwa shehe. Alitegemea atasomewa hukumu. Shehe alimsikiliza, halafu akamuuliza maswali matatu: madaktari wana uhakika kiasi gani, madhara ya kukata ni yapi, na kuna njia nyepesi zaidi? Akamwambia aende akayajibu hayo kwanza. Nimesoma vijitabu kadhaa vya hospitali kuhusu jambo hili, na sijakuta maswali yaliyopangwa vizuri kuliko hayo.

Swali la jicho na laana nalo si letu peke yetu. Kule New Zealand, ukoo mmoja wa Wamaori wa Tauranga ulipoteza watu zaidi ya 20 kwa saratani ya tumbo ndani ya miongo mitatu, wengine wakiwa vijana wadogo. Walikuwamo miongoni mwao walioamini wamelogwa. Ndugu yao mmoja, muuguzi Maybelle McLeod, aliwatafuta wanasayansi na ukoo ukawakabidhi mti wake wote. Mwaka 1998 jeni ilipatikana, CDH1. Tangu hapo wenye kasoro katika ukoo huo hukabiliwa na uamuzi mzito kuliko wetu, wa kuondoa tumbo la chakula lote, kisha kuishi kwa kula kidogo kidogo na kudungwa vitamini B12 maisha yao yote. Wengi walikubali. Matumbo yaliyotolewa yalipochunguzwa, mengi yalikutwa na vidoa vya saratani vilivyokwisha kuanza. Walichokiita laana kilikuwa na anwani, na anwani hiyo iliandikwa na wao wenyewe.

Alichochagua

Dada yetu alitoa ovari na mirija akiwa na miaka 39, kama Jolie, ingawa yeye alianza na alichomalizia Jolie. Majibu ya patholojia yalikuja safi. Matiti ameyabakiza kwa sasa. Anakaa Dar es Salaam, mashine ipo, na yeye ni mtu wa kutunza kadi za kliniki kwenye bahasha moja tangu mtoto wa kwanza. Akajiwekea sharti: mwaka atakaokosa kipimo, kwa fedha au kwa mashine, ndio mwaka wa kurudi kuzungumza habari za kisu. Mama yake aliugua kabla ya miaka 44, na anaijua namba hiyo kama namba ya nyumba.

Joto la ghafla lilimwanza ndani ya wiki. Kwa mkazi wa Dar mwezi wa Februari ni mtihani kujua lipi la jiji na lipi lake. Mume wake alinunua feni ya pili ya mezani na kuiweka upande wake wa kitanda, bila maneno, kama kawaida yake. Zipo siku analia bila sababu na siku anacheka mwenyewe kwa kulia bila sababu. Anasema hajutii, na anasema pia kwamba asiulizwe kila siku.

Mdogo wake alimaliza matibabu na nywele zimerudi. Siku moja wakiwa jikoni wanachambua mchele nilimsikia akimwambia, bila uchungu, "Wewe ulipata nafasi ya kuchagua. Mimi nilichaguliwa." Nadhani ndilo jibu la kweli zaidi kwa yule jirani. Kukata kisichouma kunaonekana wazimu mpaka ukae karibu na aliyekatwa kinachouma.

Amebaki kaka yao mkubwa. Ndugu walipopimwa, yeye aligoma. "Mimi mwanamume, titi la nini?" alisema, na watu wakacheka. Nilimweleza kwamba wanaume wenye kasoro hizi nao huweza kuugua tezi dume na hata titi, na kwamba ana mabinti wawili. Akasema Mungu atawalinda, akaaga. Kwenye karatasi nikauacha mraba wake mweupe, nikaandika alama ya kuuliza ndani yake.

Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Alizunguka kwanza kwenye bei ya saruji na mvua za Muheza. Kisha akasema binti yake mkubwa anatimiza miaka 25, amesoma mambo kwenye simu yake, na anauliza bibi yake alikufa kwa nini hasa.

"Ile karatasi iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia iko kwa Mama, imebandikwa nyuma ya mlango wa kabati. Akasema atakuja Jumapili kuiangalia. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni yangu akisikiliza kila neno, akaninyang'anya simu.

"Usije peke yako," akamwambia. "Njoo na mtoto mwenyewe."